Nina uzoefu wa miaka yote hii saiti, mbona hakuna anayenitaka?

SWALI

Shikamoo kaka. Naandika nikiwa nimechanganyikiwa kidogo kwahiyo utanisamehe kama maelezo yatakuwa marefu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 46, kazi yangu ni ujenzi na sijawahi kufanya nyingine. Nilianza kama saidia fundi wa kubeba zege, nikajifunza kusuka nondo mpaka nikawa fundi nondo ninayetegemewa, baadae nikasoma diploma ya ujenzi jioni huku mchana niko kazini, nikawa foromani na miaka ya karibuni ndo nimekuwa msimamizi wa saiti. Majengo niliyosimamia yapo na yanatumika, kuna hospitali, shule, maghorofa ya kupangisha na daraja dogo moja, na sijawahi kupoteza mtu saiti, hilo namshukuru sana Mungu.

Sasa kampuni imeyumba. Projekti mbili zimesimama, wenye majengo wanasema benki zimebana mikopo, wenzangu wengi wameshapunguzwa na sisi tuliobaki tunalipwa nusu mshahara na hiyo nusu yenyewe inachelewa. Kwenye projekti moja iliyobaki wameleta projekti meneja kijana, ana digrii, kila kitu chake kipo kwenye laptopu, jengo zima analizungusha kwenye skrini unaona mabomba, nyaya, nguzo, kila kitu. Kijana hana dharau, nisiseme uongo, ila kwenye vikao wakianza kuongelea modeli mimi nabaki kimya.

Kuna siku tulikuwa tunajiandaa kumwaga slabu, gari la zege limeshafika limesimama getini. Mimi nina tabia ya kupita juu ya nondo mwenyewe kabla hatujamwaga, sipeleki mtu. Nikakuta fundi bomba amepitisha bomba la maji taka katikati ya bimu, karibu kabisa na nguzo, na ili lipite amekata ringi za nondo pale, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo kubwa za bimu. Kwenye modeli lile bomba lilikuwa linapita pembeni, ila saiti walikuta kuna kitu kingine kimeshakaa pale wakaamua wenyewe. Nikasimamisha kazi. Watu walinikasirikia sana maana zege halisubiri, dereva anapiga honi, meneja anapigiwa simu. Nikamwita injinia wa miundo akaja akaangalia akasema umefanya sawa kabisa, bomba likahamishwa, ringi zikarudishwa, tukamwaga kesho yake. Baada ya hapo hakuna aliyeniambia asante, na mwezi huo huo nikaambiwa nafasi yangu inaangaliwa upya.

CV nimetuma mpaka nimechoka. Wengi hawajibu. Mmoja aliyeniita kwenye usaili akaniambia nina uzoefu mwingi sana kwa nafasi ile, sijui ndo kunikataa kwa heshima. Marafiki wananiambia ujenzi umekufa, kazi zitafanywa na mashine na hizi akili bandia, nitafute kingine. Mke wangu anasema mafao nikiyapata tufungue duka la vifaa vya ujenzi. Na kuna ajenti amenipigia anasema kuna kazi ya usimamizi kwenye nchi za Ghuba, mshahara mzuri, ila natakiwa kutanguliza hela ya kushughulikia faili.

Kaka naomba unisaidie. Hii sekta inakufa kweli? Nirudi shule nikasome digrii kwa umri huu? Niende Ghuba? Au nikubali tu kwamba wakati wangu umepita?

Msimamizi aliyechoka

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kulipwa nusu mshahara huku majukumu yako palepale kunamvunja mtu hata awe jasiri vipi, na naona kwenye barua yako umeshaanza kuamini kwamba tatizo ni wewe. Sio wewe. Ngoja tuende taratibu maana umeuliza mambo mengi kwa pamoja.

Kwanza hili la ujenzi kufa. Ujenzi haufi, unapanda na kushuka, na sababu yake ni moja kubwa, majengo mengi yanajengwa kwa hela ya kukopa. Riba ikipanda mwenye jengo anakaa chini anapiga hesabu upya, anaona kodi atakayokusanya haitalipa mkopo, anasimamisha. Hajachukia majengo, anasubiri. Na wakati anasubiri anayeumia ni wewe na wenzako. Marekani baada ya nyumba kuporomoka bei na msukosuko wa benki wa 2008, sekta ya ujenzi ilipoteza ajira zaidi ya milioni 2 ukilinganisha na kilele cha 2006, kilio kilikuwa kikubwa kweli na watu walisema hivi hivi kwamba basi tena. Kazi zikarudi. Kilichogoma kurudi ni watu, maana wengi walishahamia kazi nyingine na vijana wakaogopa kuingia, ndo maana kwenye nchi nyingi saivi wakandarasi wanalia wamekosa mafundi na wasimamizi waliokomaa. Wale waliovumilia na kujipanga wakati kazi hakuna ndo waliotafutwa kazi ziliporudi.

Halafu usichanganye kufa kwa kampuni na kufa kwa sekta. Kampuni za ujenzi zinakufa sana, hata kubwa, kwasababu faida yake ni nyembamba na wanaposhindania tenda wanashusha bei mpaka haiwezekani. Carillion ya Uingereza ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, ikaanguka Januari 2018 na kuacha hospitali zikiwa nusu, lakini zile hospitali baadae zilimaliziwa na wengine. Kazi haikufa, ilihama mkono. Na kwa muda mrefu mahitaji yapo tu, Umoja wa Mataifa mwaka 2018 ulikadiria kwamba ifikapo 2050 asilimia 68 ya watu duniani watakuwa wanaishi mijini kutoka asilimia 55 wakati ule, sasa hao watu wote watalala wapi, watakunywa maji ya bomba gani, watapita barabara gani? Lazima mtu ajenge.

Ila nikuambie ukweli ambao marafiki zako wameugusa kidogo bila kujua. Kazi zipo lakini hazipo zote pale ulipozizoea. Ukiendelea kutafuta nafasi ile ile ya kusimamia ghorofa jipya la kupangisha kwa mtu aliyekopa benki, utasota, maana hiyo ndo ya kwanza kusimama kila hela ikibana. Wewe uzoefu wako unatakiwa uuelekeze kwenye sehemu tatu ambazo wenye hela wanaogopa kukosea, na mtu anayeogopa kukosea ndo anayelipa mtu mzima.

Ya kwanza ni majengo na madaraja ambayo tayari yapo. Dunia ilimwaga zege kwa wingi sana kuanzia miaka ya 1950 na 1960, na sasa zege lile limezeeka. Wewe ni fundi nondo kwahiyo hili unalijua kwa mikono, nondo ikikaa karibu sana na uso wa zege, unyevu na chumvi vinaifikia, inashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, inavimba inapasua zege, maji yanaingia zaidi. Daraja la Morandi kule Genoa, Italia, lilifunguliwa 1967, likaanguka Agosti 2018 likaua watu 43. Juni 2021 kule Surfside, Florida, jengo la kuishi lililomalizika 1981 liliporomoka usiku watu wamelala, wakafa 98, na mwaka uliofuata jimbo likaweka sheria ya ukaguzi wa lazima kwa majengo ya kuishi ya pamoja yenye ghorofa 3 na kuendelea yakishafika umri wa miaka 30. Uingereza nako moto wa Grenfell wa Juni 2017 uliua watu 72, ikatoka sheria ya usalama wa majengo ya 2022 inayotaka mwenye jengo refu awe na kumbukumbu kamili za jengo lake, nini kimewekwa wapi na nani aliidhinisha. Kila msiba wa namna hii unaacha nyuma kazi ya ukaguzi, ukarabati na uimarishaji, na hiyo kazi haiwezi kufanywa na mtu ambaye hajawahi kuona ndani ya nguzo kabla haijafungwa. Injinia atapiga hesabu na kusaini, sawa, lakini anahitaji mtu anayegonga ukuta akajua sauti ya zege lililoachana na nondo, anayejua mafundi huwa wanaficha wapi makosa. Mtu huyo ni wewe.

Ya pili ni kumalizia. Watu wengi wanafikiri jengo likishasimama limeisha, wakati balaa huwa linaanzia hapo. Uwanja wa ndege wa Berlin Brandenburg ulikuwa ufunguliwe Juni 2012, mialiko imeshatoka, wiki chache kabla ikaonekana mfumo wa moto na kutoa moshi haufanyi kazi inavyotakiwa. Ulikuja kufunguliwa Oktoba 2020. Miaka 8! Jengo lipo, limesimama, halitumiki. London ile reli ya Elizabeth ilitakiwa ianze Desemba 2018 ikaanza Mei 2022, mahandaki yalishachimbwa zamani ila stesheni zilikuwa hazijaisha na mifumo ya treni na ya ishara haijakubaliana. Kwahiyo siku hizi kuna kazi kubwa ya watu wanaosimamia majaribio na makabidhiano, wanaohakikisha umeme, maji, lifti, moto, hewa, vyote vinaongea pamoja kabla mwenye jengo hajapewa funguo. Hospitali na majengo ya kutunzia seva za kompyuta ndo yanawahitaji zaidi, maana pale umeme ukikatika sekunde chache ni hasara au ni roho za watu. Wewe umesema umesimamia hospitali. Mbona hilo umelitaja kwa mstari mmoja tu? Mtu aliyewahi kukabidhi wodi ya upasuaji yenye gesi na umeme wa akiba hayuko kundi moja na aliyejenga vyumba vya kupangisha, hiyo weka juu kabisa.

Ya tatu ni makaratasi, na najua watu wa saiti hawayapendi ila nisikilize. Projekti ikichelewa, na nyingi zinachelewa, inaanza vita ya nani alipe. Vita hiyo mtu anaishinda au anashindwa kwa kumbukumbu. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika sana kwenye kazi za kimataifa, tangu ile ya 1999, inampa mkandarasi siku 28 za kutoa taarifa kuanzia alipojua au alipotakiwa kujua tukio lililomletea hasara, akizipitisha anapoteza haki ya kudai hata kama ukweli uko upande wake. Siku 28! Ni kampuni ngapi zimepoteza hela yao halali kwasababu foromani aliona mvua imezamisha msingi, akahangaika kupampu maji, akashukuru Mungu, hakuandika popote? Mtu anayejua saiti na wakati huo huo anajua kuandika dayari ya siku, hali ya hewa, watu wangapi walikuja, mashine gani ilikaa bure na kwanini, picha ina tarehe, mtu huyo anaweza kukaa na mawakili na wakadiriaji gharama akawaambia kilichotokea kweli. Ofisi zinazoshughulikia madai zimejaa watu wazuri wa vitabu ambao hawajawahi kusimama kwenye tope, na wenyewe wanalijua hilo pengo lao. Kama una madaftari yako ya saiti ya zamani nyumbani usiyatupe, hata kama huruhusiwi kuonyesha ya mwajiri yatakukumbusha ulifanya nini.

Sasa digrii. Kwa maoni yangu hapana, sio sasa. Miaka minne na ada yake wakati una familia na nusu mshahara, halafu utoke ushindane na vijana kwa karatasi ile ile, hapana. Kama unataka karatasi, tafuta inayopima kazi uliyokwisha kufanya. Cheti cha PMP cha usimamizi wa miradi kwa mfano, mwenye diploma anatakiwa kuonyesha miezi 60 ya kuongoza projekti na saa 35 za mafunzo ndipo afanye mtihani, digrii sio sharti, na miezi 60 wewe unayo. Ukivutiwa na upande wa usalama kuna vyeti vya NEBOSH vya usalama kwenye ujenzi, na mtu ambaye hajapoteza roho saiti akiwa na cheti hicho mkononi anasikilizwa. Nafasi inayosema digrii ni lazima kisheria kama kusaini michoro ya miundo, iache, hiyo sio njia yako na hakuna aibu.

Hili la modeli na kompyuta nataka nilikazie kidogo kwasababu naona ndo linalokuumiza roho. Hii BIM, yaani kujenga kwa kutumia modeli ya jengo kwenye kompyuta, sio upepo wa kupita, serikali kuu ya Uingereza iliifanya lazima kwenye miradi yake tangu 2016, na mwaka 2018 ikatoka kiwango cha kimataifa cha ISO 19650 cha namna ya kusimamia taarifa za ujenzi, kwahiyo itazidi kusambaa. Lakini hakuna anayekutaka wewe uchore modeli. Unatakiwa ujue kuifungua, kuizungusha, kukata sehemu uone ndani, kupima, na kuweka alama na maoni yako mahali penye tatizo. Zipo programu za kuangalia tu ambazo ni za bure. Nenda kwa yule kijana, umesema mwenyewe hana dharau, mwambie nifundishe jioni namna ya kusoma hii kitu na mimi nikutembeze saiti asubuhi kabla ya kumwaga zege nikuonyeshe ninachoangaliaga. Atakubali, nakuhakikishia, maana na yeye usiku halali anaogopa kitu asichokijua. Ukishaongeza na programu ya ratiba za kazi, ujue kusoma ni shughuli ipi ikichelewa inachelewesha jengo zima, kwenye kikao hutakaa kimya tena.

Na hizi akili bandia wanazokutishia, zitaandika ripoti, zitapanga ratiba, zitahesabu matofali kwenye picha, hayo yanakuja na mengine yameshafika. Ila lile bomba lako pale kwenye bimu, modeli ilisema liko pembeni! Kompyuta ilikuwa inajua kilichochorwa, wewe ulijua kilichofanyika. Ilimradi majengo yanajengwa na watu wanaoamua vitu saa nne asubuhi na nyundo mkononi, kutatakiwa mtu wa kupita juu ya nondo.

Na hapo nakuja kwenye CV, maana nahisi najua kilichoandikwa humo. Umeandika uzoefu wa miaka zaidi ya 20, mchapakazi, naweza kufanya kazi kwenye presha, halafu orodha ndefu ya majengo. Mdogo wangu hiyo haisemi kitu, kila mtu wa umri wako ameandika hivyo hivyo, na anayeisoma anaona mtu ghali tu. Yule aliyekuambia una uzoefu mwingi sana alimaanisha nafasi yake ni ndogo, alihitaji mtu wa kusimamia watu wachache wapige plasta, akaogopa utamwacha baada ya miezi miwili. Alikuwa sahihi hata. Wewe uliomba kazi isiyo yako kwasababu ya woga.

Andika matukio. Chukua lile la slabu uliandike hivi: "Kabla ya kumwaga slabu niligundua bomba la maji taka limepitishwa ndani ya bimu karibu na nguzo na ringi zimekatwa. Nilisimamisha umwagaji, nikamwita mhandisi wa miundo, bomba likahamishwa, ringi zikarudishwa, zege likamwagwa siku iliyofuata bila kubomoa chochote." Mistari mitatu tu. Mtu yeyote anayejua ujenzi akiisoma hiyo anaelewa kila kitu, anajua karibu na nguzo ndipo nguvu ya kukata bimu inakuwa kubwa na zile ringi ndo zinazoizuia, anajua kurudisha gari la zege kunahitaji moyo, anajua kama usingesimamisha lile bimu lingekuja kupasuka watu wameshahamia. Anajua pia una akili ya kuita injinia badala ya kuamua mwenyewe, na hiyo ina thamani kubwa kuliko ushujaa. Tafuta matukio matano ya namna hiyo, moja liwe la hospitali, moja la usalama, moja la projekti iliyokuwa imechelewa ukaivuta, na weka namba pale unapozikumbuka kwa uhakika, watu wangapi ulikuwa unaongoza, ghorofa ngapi, ulichelewa au uliwahi kwa kiasi gani. Usiongeze chumvi hata kidogo, watu wa ujenzi wanajuana na wanapigiana simu.

Halafu usiitume tu kwenye matangazo ya kazi. Huko inapitia kwa mtu wa ofisini anayetafuta neno digrii, haoni, anaweka pembeni. Ipeleke kwa watu wanaojua ringi ni nini. Yule injinia wa miundo aliyekuambia umefanya sawa, huyo ndo wa kwanza, yeye anafanya kazi na kampuni nyingi na hajakusahau, mpigie, muulize nani anafanya ukarabati au ukaguzi sasa hivi. Wasambazaji wa zege na nondo wanajua kuliko mtu yeyote ni saiti gani inaanza, kwasababu oda zinapita kwao kwanza. Na wakandarasi wadogo wa mabomba na umeme uliowasimamia vizuri ukawapitishia malipo yao bila kuwasumbua, hao wanakukumbuka, na wako kwenye saiti za watu wengine leo.

Ghuba. Kazi kule zipo kweli, Saudi Arabia imepewa maonyesho ya Expo 2030 pale Riyadh na Kombe la Dunia 2034, watajenga sana na wasimamizi wazoefu watahitajika. Lakini huyo ajenti anayetaka utangulize hela, usimpe hata senti. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997 unasema ajenti binafsi hatakiwi kumtoza mfanyakazi, kuna mianya ya kipekee ila huo ndo msimamo, na mwajiri makini anayetafuta msimamizi mwenye uzoefu ndiye anayelipa ajenti, tiketi na viza. Kama kazi ni ya kweli muombe jina la kampuni na jina la projekti, kisha wewe mwenyewe tafuta mawasiliano ya kampuni hiyo sehemu nyingine, sio anayokupa yeye, uwaulize. Taka mkataba uusome kabla hujaondoka, wenye cheo chako, mshahara, makazi, bima, likizo na nani anakurudisha nyumbani kazi ikiisha, na ujue mapema pasipoti yako ni ya kukaa kwako. Akianza kukuharakisha eti nafasi zinaisha leo, kata simu.

Duka. Shemeji yangu ana nia njema na namuelewa, anataka mkate wa uhakika. Ila mfafanulie hivi, duka la vifaa vya ujenzi linaumwa siku ile ile unayoumwa wewe. Watu wakiacha kujenga hawanunui saruji, na wale wachache wanaonunua wanakopa, na mafundi wanaokujua ndo watakaokopa zaidi kwasababu wataona aibu yako ya kuwanyima. Kama mnataka biashara ya kuwalinda, iwe kitu ambacho watu wananunua hata ujenzi ukisimama, na mafao yasiingie yote humo.

Kuhusu ulipo sasa, usiache hiyo nusu mshahara kwa hasira kabla hujapata pengine, lakini mshahara unaochelewa udai kwa maandishi kila mwezi, kwa heshima, ili kampuni ikifilisika deni lako liwe na ushahidi. Na wiki hii, sio mwezi ujao, anza kukusanya barua. Mwenye hospitali aliyeridhika, injinia mshauri, meneja wako wa zamani aliyeondoka, kila mmoja muombe barua fupi inayosema ulisimamia nini, lini, na uliimalizaje, wengine waandikie mwenyewe rasimu wao wasome na kusaini maana wana kazi nyingi. Muulize mwajiri kama unaweza kupata nakala za hati za makabidhiano zenye jina lako. Kampuni ikifungwa, barua pepe ya kazini inafungwa siku hiyo hiyo, ofisi inapigwa kufuli, na yule mama wa masijala anayejua faili la hospitali liko kabati gani anakuwa ameshapata kazi kwingine na namba amebadilisha.